Je, wajua kamera ya filamu ya zamani ilisimama wapi hasa?

Unayo picha iliyotolewa kwenye filamu ya zamani: kona ya ukuta wa mawe mbele, mnara wa msikiti nyuma, bahari pembeni. Unaamini ni Bagamoyo. Utapataje pale pale iliposimamishwa kamera?

Karibu kila mtu huanza hivi: anasimama mbele ya jengo, anainua simu, anasogea mbele au kurudi nyuma hadi jengo lilingane ukubwa na lile la kwenye filamu. Njia hiyo ni ya makosa, na inafaa kuichambua kwa utulivu, maana huwapotezea watu saa nzima juani huku wakidhani mji ndio umebadilika.

Ukubwa wa kitu kwenye picha hautokani na umbali peke yake. Unatokana na umbali na lenzi kwa pamoja, na lenzi ile huijui. Filamu ya milimita 35 ikipigwa kwa lenzi ya milimita 50 huona upana wa nyuzi 25 hivi. Kamera kuu ya simu nyingi, ikishikwa kwa ulalo, huona karibu nyuzi 70. Jengo lililopigwa kutoka mita 30 litatokea kwenye simu likiwa theluthi tu ya ukubwa wake, na ili lijae itabidi ulikaribie hadi mita 10 hivi. Hapo mlango utalingana barabara, lakini mnara wa nyuma utakuwa umenywea, au umezama kabisa nyuma ya paa. Watu husema mnara umebomolewa. Mnara upo, ila wewe ndiye uliyelikaribia mno jengo lililo mbele yake. Kuvuta picha kwa vidole hakuna ubaya: kunakata kingo tu, hakubadilishi kipi kinaziba kipi.

Na hicho ndicho cha kufuata: kipi kinaziba kipi. Mvuvi wa ngalawa anayerudi kwenye mwamba wake hapimi mnazi una urefu gani. Anangoja mnazi wa ufukweni ukutane na mnara ulio nyuma yake. Vikikutana, anajua yuko kwenye mstari ule, ila hajui yuko mbali au karibu. Anaufuata mstari huo hadi jozi ya pili, tuseme ncha ya rasi na kona ya paa, nayo ikutane. Mistari miwili iliyonyooka hukatana mahali pamoja tu, na pale ndipo anapotia nanga. Kamera hutafutwa vivyo hivyo: jozi moja upande wa kushoto wa picha, nyingine kulia. Sogea kando hadi ya kwanza ikae sawa, kisha tembea juu ya mstari wake hadi ya pili ikae.

Jozi nzuri ina kitu cha karibu sana na cha mbali sana. Ukuta ukiwa mita 10 na mnara mita 100, hatua ya mita 1 kando huufanya ukuta uteleze mita 9 mbele ya mnara, kosa ambalo jicho haliwezi kulikosa. Ukuta ukiwa mita 80, utelezi huo ni sentimita 25 tu. Tumia kona za mawe na kingo za madirisha. Minazi hukua na kuinama, makuti hubadilishwa kuwa bati, jahazi huzunguka na upepo, na maji ya bamvua Bagamoyo yakipwa, ufukwe hupanuka kwa mamia ya mita.

Kimo hutolewa na upeo wa bahari. Mahali tambarare, mstari wake hukata kila kitu kwa kimo cha kamera. Mstari huo ukipita kifuani mwa mtu aliyesimama ufukweni, kamera ilikuwa usawa wa kifua. Ukipita juu ya vichwa vya wote, tafuta baraza ya ghorofani.

Jua nalo ni shahidi. Bagamoyo huchomoza baharini na kuzama upande wa bara, kwa hiyo tukio la "machweo" juu ya maji lilipigwa alfajiri au kwingineko. Adhuhuri ya Juni, karibu saa 6:25, fimbo ya mita 1 hutupa kivuli cha sentimita 57 kuelekea kusini. Desemba ni sentimita 31 hivi, kuelekea kaskazini.

Kabla ya kupanda basi, hakikisha filamu ilipigwa huku. The African Queen (1951) inasimulia Afrika Mashariki ya Wajerumani, lakini ilipigwa Kongo, Uganda na studio ya Uingereza. Studio za zamani pia ziliwaweka waigizaji mbele ya pazia lililorushiwa picha ya mahali pengine. Jozi zikikataa kukutana kila unaposimama, tazama vivuli: uso wa mwigizaji ukipata mwanga kutoka kushoto na ukuta wa nyuma yake kutoka kulia, sehemu hizo mbili hazikuwahi kuwa mahali pamoja.