Je, wajua kwa nini mgonjwa wa Uviko aliweza kupiga soga huku oksijeni ikimwishia mwilini?

Julai 2021, Dar es Salaam, wiki moja hivi kabla Rais Samia hajazindua chanjo tarehe 28. Ilikuwa siku ya nane tangu baba mdogo aanze kukohoa. Jioni hiyo alikuwa amekaa barazani na msuli wake, anamenya chungwa kwa kisu, ganda linashuka mapajani kama utepe bila kukatika, huku anatutania kuhusu Simba na Yanga. Homa ilikuwa imeshuka na sisi tulishaanza kuambiana kwamba mzee kapona.

Nesi wa nyumba ya pili alipotoka zamu akapita kumjulia hali. Akamwamkia, kisha akatoa mkobani kile kibanio cha kupimia oksijeni, akambana kidoleni. Kikasoma 76. Akakitoa, akakipangusa kwa upindo wa kitenge, akabana kidole kingine. 75.

"Mashine yako mbovu hiyo, mwanangu," baba mdogo akasema, anacheka.

Tukaijaribu wenyewe. Mama mdogo 97. Mimi 98. Mtoto wa kaka, 99. Ikarudi kwa mzee: 76. Nesi akasimama, akatuambia sisi wengine kwa sauti ya chini: "Tafuteni gari. Sasa hivi."

Mtu mzima mwenye mapafu mazima, akiwa pwani, husoma asilimia 95 hadi 100. Shirika la Afya Duniani linamhesabu mgonjwa wa Uviko kuwa na ugonjwa mkali akiwa chini ya 90. Sasa huyu wa 76 aliwezaje kumenya chungwa na kucheka? Swali hilo halikutusumbua sisi tu. Aprili 2020 daktari wa Marekani, Richard Levitan, baada ya kufanya kazi siku 10 katika hospitali ya Bellevue, New York, aliandika kwamba wagonjwa walikuwa wakiletwa na oksijeni ya chini kiasi cha kuonekana haiendani na uhai, nao wanachezea simu.

Jibu linaanza na jambo ambalo wengi wetu tunalielewa kinyume. Bana pumzi sasa hivi, uhesabu. Baada ya nusu dakika kifua kitaanza kukuwasha, na kadiri unavyoendelea ndivyo utakavyotamani hewa kama mtu anayezama. Utadhani oksijeni imekwisha. Haijaisha; ukijipima kidoleni wakati huo, kama u mzima, utakuta bado 97 au 98. Kinachokutesa ni hewa ukaa iliyokosa pa kutokea na kurundikana kwenye damu. Sehemu ya chini ya ubongo inaipima hewa ukaa hiyo muda wote, na ikizidi kidogo tu ndipo unasikia ile kiu ya pumzi. Waingereza wawili, Haldane na Priestley, walilionyesha jambo hili mwaka 1905. Oksijeni nayo ina mlinzi wake: vinundu viwili vidogo kama punje za mchele, kimoja kila upande wa shingo kwenye mishipa mikubwa ya damu. Lakini mlinzi huyo ni mzito wa kuamka. Hapigi kelele za maana mpaka oksijeni ishuke kufikia karibu na 90, na hata hapo kelele zake ni ndogo.

Wapiga mbizi wanaijua hatari hii, hata wale wasiojua maelezo yake. Kijana akipumua harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama, anaitoa hewa ukaa mwilini kupita kiasi. Huko chini oksijeni inamwishia kabla hajasikia hamu ya kupumua, na anazimia majini bila kutapatapa. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto liitwalo Zénith hadi zaidi ya mita 8,000. Walikuwa na mifuko ya oksijeni, ipo mkononi kabisa. Wawili walikufa humohumo. Wa tatu, Gaston Tissandier, alisimulia baadaye kwamba kule juu hakuhisi maumivu yoyote, bali aina ya furaha, huku mikono ikimgomea. Nikisoma habari zake ninamwona mzee wetu na chungwa lake.

Lakini baba mdogo hakuwa angani wala chini ya maji. Kwake ilikuwaje hewa ukaa itoke na oksijeni isiingie, wakati zote mbili zinapita njia moja?

Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni. Damu inapita ukutani mwa kila kifuko, inatua hewa ukaa na kubeba oksijeni. Kirusi cha korona kinapofika huko, na kinga ya mwili ikakivamia kwa hasira, baadhi ya vifuko vinajaa majimaji na vijimishipa vinapata migando ya damu. Vifuko vingine vinabaki vizima. Fikiria hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, kuwa ni bajaji yenye viti vinne. Bajaji zinazopita kituo kilichofurika kama Jangwani siku ya mvua zinaondoka tupu. Zinazopita kituo kizima zinaondoka zimejaa, lakini haziwezi kubeba zaidi ya wanne hata ukiongeza abiria kituoni. Kwa hiyo mgonjwa akipumua haraka namna gani, vituo vizima haviwezi kufidia vile vilivyofurika. Oksijeni inashuka tu.

Hewa ukaa haina habari na viti. Sehemu yake kubwa husafiri ndani ya maji ya damu yenyewe, na ukipumua haraka zaidi, vifuko vizima vinaitupa nje zaidi ya kawaida na kufidia vile vilivyoziba. Basi mgonjwa anapumua mbiombio bila kujijua, hewa ukaa yake inakuwa sawasawa au hata pungufu, na ubongo unaopima hewa ukaa unaona mambo shwari. Tena katika siku hizo mapafu yanakuwa bado laini, hayajakakamaa, hivyo kuvuta pumzi si kazi nzito. Mtu wa pumu huhangaika kwa sababu njia za hewa zimebana. Huyu njia zake ziko wazi. Mwongezee umri na kisukari, ambavyo huwadhoofisha wale walinzi wa shingoni, utampata baba mdogo wangu, miaka 67, mgonjwa wa sukari kwa zaidi ya miaka kumi.

Kuna jambo la pili linaloifanya hali hii iwe ya hila. Kutoka 98 hadi 90 mwili unashuka mteremko wa taratibu: oksijeni mapafuni inaweza kupungua sana na namba ikasogea kidogo tu. Ukivuka 90 unafika ukingoni mwa jabali. Kidogo kikipungua, namba inaporomoka. Ndiyo maana wapo waliosoma 92 asubuhi, wakaambiwa wasubiri, na usiku wakawa 78. Na siku zenyewe zinadanganya. Wiki ya kwanza ni ya kirusi: homa, mwili kuuma, pua kutosikia harufu. Hali mbaya mara nyingi huanza karibu na siku ya saba hadi ya kumi, pale homa inaposhuka na familia kutulia.

Kile kibanio kina historia inayonigusa. Mtaalamu wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alikuja na mbinu yake mwaka 1974. Kinapitisha mwanga wa aina mbili kidoleni, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kwa kuwa damu yenye oksijeni ina wekundu angavu na isiyo nayo ina wekundu uliofifia. Ugunduzi wake ulikuwa kuutumia mpigo wa mshipa ili kuitenga damu inayotoka moyoni na nyama na ngozi iliyotulia. Aoyagi alifariki tarehe 18 Aprili 2020, akiwa na miaka 84, katika majira ambayo dunia nzima ilikuwa ikikisaka kifaa hicho.

Lakini kwetu sisi weusi lipo la kuongeza, na naona lilistahili kutangazwa kwa sauti kubwa zaidi. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo kwamba wagonjwa weusi walikuwa karibu mara tatu ya weupe katika kuonyeshwa namba nzuri na kibanio, ilhali damu iliyotolewa mshipani ilionyesha oksijeni ipo chini. Weusi wa ngozi unameza sehemu ya mwanga. Kwa hiyo 92 ya kidole chetu ichukue kwa mashaka. Kidole kiwe na joto, mgonjwa atulie dakika kadhaa, mkono usitikisike. Rangi ya kucha itolewe, na kina mama wa pwani wachague kidole kisicho na piko.

Asiye na kifaa ana saa na macho. Mtazame mgonjwa kifuani bila kumwambia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zaidi ya 30 ni hali mbaya, hata kama anacheka. Angalia midomo, ulimi na ufizi kama vimegeuka rangi ya kijivu au bluu. Sikiliza kama anamaliza sentensi kwa pumzi moja.

Sisi tulikuwa na nyungu. Mwarobaini, mchaichai, malimao na tangawizi, sufuria chini, blanketi juu, asubuhi na jioni. Sina neno la kuwabeza waliotupikia nyungu zile. Ulikuwa upendo tupu, na mvuke hulegeza pua iliyoziba. Ila mvuke hautoi maji kwenye vifuko vya mapafu wala hauongezi oksijeni, na mtu aliye chini ya blanketi humwoni midomo wala huhesabu pumzi zake. Baba mdogo alikuwa akitoka mle ametota jasho, anasema kifua chepesi. Tukaamini kifua.

Hospitalini walimvalisha barakoa yenye mfuko na kumfungulia oksijeni lita 15 kwa dakika. Nikauona mtungi, ule mkubwa unaomfikia mtu kifuani. Huwa na kama lita 6,800. Piga hesabu: kwa mwendo ule ni saa saba na nusu, basi. Mgonjwa mmoja anamaliza mitungi mitatu kwa siku na kuugusa wa nne. Tangu siku hiyo sauti ya mitungi ikiburutwa koridoni siisahau, na nilielewa kwa nini mawimbi yale yaliziacha hospitali za nchi nyingi zikihaha kutafuta oksijeni ingawa vitanda vilikuwepo.

Kisha wakamlaza kifudifudi. Mama mdogo aliposimuliwa kwa simu alilia, akadhani wamemtupa. Kumbe mapafu yamelala zaidi upande wa mgongo, na mtu akilala chali, moyo na uzito wa mapafu yenyewe vinaviminya vifuko vya huko nyuma. Ukimgeuza vinafunguka. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2013, miaka kabla ya Uviko, ulionyesha kwamba wagonjwa wa mashine ya kupumulia waliolazwa hivyo saa 16 kwa siku walikufa asilimia 16, dhidi ya karibu 33 kwa waliolazwa chali. Wodini namba ya baba mdogo ilipanda kutoka 86 hadi 93 kabla dripu haijaisha, na hakuna dawa iliyokuwa imeongezwa.

Dawa nayo ilikuwepo, ya bei ndogo: deksamethasoni, inayopoza hasira ya kinga. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kwamba imepunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyopotea njiani, watu wakawa wanainunua duka la dawa siku ya pili ya mafua, wakati bado mwili unaihitaji kinga yake. Baba mdogo ilimsaidia, ila sukari ilimpanda hadi 22, wakamwanzishia insulini.

Ndugu hatukuruhusiwa kuingia. Tulikuwa tunapeleka uji kwenye chupa ya chai hadi getini, jina limeandikwa kwenye plasta, na jioni tunapewa chupa tupu. Chupa ikirudi na uji nusu, nyumba nzima haikulala. Alitoka siku ya 19. Alikuwa amepungua kilo tisa na miguu imekuwa kama ya mtoto. Akienda msalani akirudi, kibanio kilisoma 88, akikaa dakika chache kinapanda 94. Ilimchukua hadi Desemba kutembea mpaka msikitini bila kupumzika njiani.

Ipo sauti yake kwenye simu yangu, aliyonirekodia WhatsApp asubuhi ya ile siku ya chungwa. Siku ile niliisikiliza nikafurahi, nikawatumia ndugu wote. Mwaka jana nilimpa aisikilize. Akaweka simu sikioni, akatikisa kichwa, akaniambia mbona alikuwa vizuri tu, pumzi haikumbana hata kidogo. Nami sikubishana naye. Lakini sasa ninazisikia zile nafasi: "Sijambo mwanangu... homa imeisha... leo nina... hamu ya... chungwa."