Homa, macho mekundu na surua: maswali ya wakazi wa Dar kuhusu magonjwa ya virusi

Haya ni maswali yanayoulizwa sana kwenye mabenchi ya zahanati za Dar es Salaam, hasa mvua zikianza. Majibu yake ni ya msingi tu. Mgonjwa aliyezidiwa apelekwe kituo cha afya kwanza, kusoma kutafuata.

Nimepima malaria, hamna. Lakini homa iko palepale na mwili wote unauma. Si ninywe tu dawa ya mseto?

Hapana. Mseto unaua vimelea vya malaria, na kipimo kimeonyesha huna. Homa isipokwisha, rudi upimwe tena na umwambie daktari ilianza lini.

Hapa Dar, malaria ikikosekana, dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, isisahaulike. Jiji hili limepata milipuko yake mwaka 2010, 2014 na 2019, na ule wa 2019 uliwapata maelfu ya watu. Homa hupanda ghafla, kichwa huuma hasa nyuma ya macho, misuli na viungo vikauma kama umepigwa, na wengine hutoka vipele. Chikungunya, ugonjwa mwingine wa virusi, nayo inaenezwa na mbu huyohuyo wa dengue. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza huku kwetu kusini, kwenye uwanda wa Wamakonde, mwaka 1952, na maumivu yake ya viungo yanaweza kuendelea kwa miezi.

Dengue ina dawa gani?

Haina dawa inayoua virusi vyake. Mwili wenyewe ndio unaovimaliza, kazi yetu ni kuulinda usizidiwe wakati unapambana. Mgonjwa apumzike na anywe vitu vya majimaji kwa wingi: maji, uji, madafu, juisi, maji ya ORS. Kwa homa na maumivu ni parasetamoli peke yake. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, maana ikizidi inaumiza ini.

Naomba hili lishikwe vizuri: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ile ambayo wengi huiita diklopa, zisiguswe. Dengue inapunguza chembe sahani zinazogandisha damu, na dawa hizi zinaongeza hatari ya kutoka damu. Wapo wanaochomwa sindano ya diklofenaki mtaani ili "mwili ulegee". Ukiwa na homa usiyoijua chanzo chake, ikatae.

Kuna jambo jingine linalowaponza watu. Kati ya siku ya tatu na ya saba homa hushuka. Mtu anaoga, anavaa, anarudi kazini Kariakoo akiamini amepona. Wengi kweli wamepona, ila kwa wachache saa hizo ndipo majimaji ya damu huanza kuvuja kutoka kwenye mishipa, na presha ikashuka. Kwa hiyo homa ikishuka, siku mbili zinazofuata mwangalieni mgonjwa kwa karibu zaidi. Akilalamika tumbo linauma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, choo kikiwa cheusi, mkojo ukipungua, au akiwa mlegevu na asiyetulia, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kwa ushauri wa simu, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure.

Nalala kwenye neti kila siku. Dengue imenipataje?

Mbu wa dengue, Aedes, anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Tena hapendi mtaro wenye maji machafu kama wengi wanavyodhani. Anataka maji yaliyotulia karibu na watu. Pipa la uani lisilo na mfuniko, sahani chini ya chungu cha maua, matairi yaliyorundikwa gereji, vyote vinamfaa.

Angalia vifuu vilivyotupwa nyuma ya jiko baada ya kukuna nazi. Kimoja kikikaa mdomo juu, mvua moja inakijaza, na baada ya siku chache utaona viluwiluwi vinapanda na kushuka ndani. Kuyamwaga maji hakutoshi. Jike hutaga ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yanaganda pale. Yanaweza kukauka miezi kadhaa, kisha mvua ikirudi yakaanguliwa. Kwa hiyo pipa na ndoo visuguliwe kwa brashi kila wiki, kwa sababu toka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Vifuu vichomwe au vifunikwe kifudifudi.

Neti usiiache, malaria bado ipo. Na mgonjwa wa dengue alale ndani ya neti hata mchana, mbu wasimnyonye wakapeleka virusi kwa jirani.

Macho mekundu ya mwaka 2024 yalitoka wapi, na yakirudi tufanye nini?

Januari 2024 Dar ilijaa wagonjwa wa macho, na chanzo kilikuwa virusi. Havirukii mtu kwa kutazamana. Vinapita kwenye tongotongo: umefuta jicho, umeshika bomba la daladala, mwenzako ameshika hapohapo kisha akajikuna jicho. Taulo, mto na leso za kuchangia zinafanya kazi hiyo hiyo nyumbani.

Mara nyingi yanapona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Safisha kwa maji safi na kitambaa chako peke yako, nawa mikono kwa sabuni kila ukigusa jicho. Usitie maziwa ya mama, mkojo, mate wala maji ya chai. Vinaweza kuingiza bakteria kwenye jicho ambalo tayari limejeruhiwa. Matone uliyoachiwa na jirani pia yaache. Ukiona ukungu, ukishindwa kuvumilia mwanga, au mgonjwa akiwa mtoto mchanga, usisubiri nyumbani.

Nikipata mafua nanunua amoksilini na napona.

Ungepona hata bila hiyo. Amoksilini inaua bakteria, mafua ni virusi. Unachopata ni bakteria sugu, ambao siku utakapougua nimonia hawatasikia dawa.

Mwanangu alichomwa surua ya miezi 9, ile ya miezi 18 ikapita. Ana miaka miwili sasa. Nitagombezwa?

Mama, mpeleke tu na kadi yake, muuguzi atamchoma. Dozi ya kwanza peke yake huwaacha watoto kadhaa bila kinga. Surua inasambaa kwa hewa, na virusi vyake vinaweza kubaki chumbani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Haina dawa ya kuviua. Hospitali hutoa vitamini A kulinda macho, na hutibu nimonia ikifuatia. Siku hiyohiyo uliza kama chanjo ya rota, inayozuia kuharisha kukali, aliikamilisha utotoni.

Homa ya ini B inaambukizwa kwa kula sahani moja?

Hapana. Inapita kwa damu, kwa kujamiiana bila kinga, na kwa mama kumwambukiza mtoto anapozaliwa. Nyembe, mikasi ya kucha na mswaki msichangie, na kwa kinyozi hakikisha vifaa vinasafishwa kwa dawa. Aliyeambukizwa kwa muda mrefu zipo dawa za kuvidhibiti virusi, na daktari ndiye ataamua kama anazihitaji sasa. Watoto wanachanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wewe mtu mzima pima kwanza. Ukiwa huna na huna kinga, unachomwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita tangu ile ya kwanza.