Je, wajua namba za pembeni huchoraje picha?

Chukua karatasi ya hesabu, ile yenye vijiraba, uchore gridi ya miraba mitano kwa mitano. Kila mraba unaweza kuwa mweusi au mweupe, basi. Hata hivyo, gridi hiyo ndogo ina namna 33,554,432 za kupakwa. Sasa andika juu ya safu za wima, kuanzia kushoto: 1, 4, 3, 4, 1. Ubavuni mwa safu za mlalo andika, kuanzia juu: 1, 3, 5, halafu 1 1, na 1 1 tena. Namba hizo chache zinafuta mamilioni yote hayo na kubakiza jibu moja. Zinawezaje?

Chemshabongo hii huitwa nonogramu. Kila namba inataja urefu wa fungu moja la miraba myeusi iliyoshikana, na mafungu hufuatana kama namba zilivyopangwa. Kati ya fungu na fungu lazima pawe na mraba mweupe, hata kama ni mmoja tu. Kwa hiyo 1 1 ni mweusi, nafasi, kisha mweusi.

Anzia penye uhakika. Mlalo wa tatu unadai 5 na una miraba mitano, basi wote ni myeusi. Papo hapo safu mbili za wima za kando, zinazodai 1, zimeshapata haki yao, kwa hiyo miraba mingine humo itie alama ya x. Mlalo wa pili sasa umebakiwa na miraba mitatu ya katikati na unadai 3: ijaze. Wa nne na wa tano nao wamebakiwa na mitatu, lakini wanadai 1 1, na hayo hayakai popote isipokuwa kwenye ncha mbili za nafasi hiyo. Wima wa pili na wa nne zimeshatimiza 4, kwa hiyo mraba mweusi wa mlalo wa juu hauna pa kukaa ila katikati. Tazama karatasi yako: nyumba yenye paa, kuta mbili na mlango.

Angalia kazi iliyofanywa na x. Wengi wanaoanza hupaka weusi tu na kuuacha weupe, na nadhani hapo ndipo wanapokwama zaidi ya popote. Kujua mahali ambapo rangi haiwezi kuwepo ni habari kamili.

Katika gridi kubwa ni nadra safu kujazwa yote mara moja, ndipo unapohitaji hoja ya kusogeza. Safu ina miraba 10 na namba ni 8. Lisukume fungu hadi mwisho wa kushoto: linashika 1 hadi 8. Lisukume kulia: linashika 3 hadi 10. Miraba ya 3 hadi 8 imeguswa mara zote mbili, basi ni myeusi popote fungu litakapokaa. Kwa 4 3, kusukuma huko kunakupa mraba wa 3, wa 4 na wa 8. Hakuna kubahatisha hata kidogo, na huo ndio uzuri ninaoupenda katika mchezo huu.

Ulizaliwa Japani. Mwaka 1987 Non Ishida alishinda shindano jijini Tokyo kwa kuchora picha kwa taa za madirisha ya maghorofa, mengine yakiwaka na mengine yakizimwa. Tetsuya Nishio naye alibuni mafumbo ya aina hiyohiyo kivyake. Mwingereza James Dalgety aliyapa jina la nonogramu kutokana na jina la Non, na mwaka 1990 gazeti la The Sunday Telegraph likaanza kuyachapisha.

Si kila mkusanyiko wa namba una jibu moja. Gridi ya mbili kwa mbili yenye 1 kila upande ina majibu mawili, mshazari huu au ule, na hakuna hoja itakayokuchagulia. Ndiyo maana mtunzi makini hulipima fumbo kabla ya kulitoa. Mwaka 1996 Ueda na Nagao walithibitisha kwamba kutatua nonogramu kwa ujumla kumo katika kundi la matatizo ambayo hayajapatiwa njia ya haraka inayofaa kwa kila hali, hata kwa kompyuta.

Mtandaoni pa kuanzia ni pengi. Mkusanyo wa mafumbo wa Simon Tatham haulipiwi. Humo nonogramu imepewa jina Pattern, nawe unachagua ukubwa wa gridi. Anza na 5 kwa 5, upande hadi 10. Programu ikikupa uchaguzi wa kuonyesha makosa papo hapo, uzime, maana ukionywa kila unapogusa utajifunza kujaribu badala ya kufikiri. Ukikwama, rudi kwenye safu zinazokatiza mraba uliopaka au kutia x mwisho; hizo ndizo zenye habari mpya ambayo bado hujaitumia.