Kipimo cha joto kinachofaa hita ya maji ya nyumbani

Kila mwaka upepo wa kusi unapoingia na asubuhi za Mombasa zikawa na ubaridi, wateja wangu wengi huniita kwa lalamiko moja: hita ya maji inamaliza umeme. Mama mmoja wa Tudor aliniambia, "Mwanangu, natia tokeni leo, kesho zimekwisha, na mimi naoga ndoo moja tu." Nilipozima umeme na kufungua kifuniko cha hita yake, nilikuta themostati imezungushwa hadi mwisho, kwenye nyuzi 75, kwa sababu aliyeifunga alimweleza kuwa ikiwekwa juu kabisa maji hupata moto haraka.

Maelezo hayo si kweli, ingawa nimeyasikia hata kwa mafundi wenzangu. Kasi ya kupasha maji hutokana na nguvu ya elementi, yaani chuma kinachopata moto ndani ya tangi, na elementi ya wati 1,500 hutoa joto lile lile kila dakika, uwe umeiwekea nyuzi 50 au 75. Kazi ya themostati ni kukata umeme maji yanapofikia kiwango ulichokichagua na kuurudisha yanapopoa. Ukikiweka kiwango juu, maji hayaharakishwi hata kidogo. Unachofanya ni kuchelewesha wakati wa kukata.

Tazama hesabu ya hita ya lita 50. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi la juu ya paa hapa kwetu mara nyingi huwa tayari yana nyuzi 28 hivi. Kuyafikisha nyuzi 60 kunahitaji takriban uniti 1.9 za umeme, na elementi ya wati 1,500 hufanya kazi hiyo kwa saa moja na robo. Kuyafikisha nyuzi 75 kunahitaji takriban uniti 2.7 na muda wa karibu saa moja na dakika 50. Tena tangi hupoteza joto kwa kadiri linavyouzidi ujoto wa chumba, kwa hiyo tangi la nyuzi 75 katika chumba cha nyuzi 28 hupoteza karibu mara moja na nusu ya tangi la nyuzi 60. Maji ya kuoga yanatosha yakiwa nyuzi 40, na ndoo ya lita 20 hufika hapo kwa lita saba na nusu tu za maji ya nyuzi 60, zinazobaki zikiwa za baridi.

Hapo ndipo wengi huniuliza kwa nini basi tusiweke nyuzi 40 moja kwa moja. Jibu langu ni la afya, na ninalishikilia. Katika maji yaliyotuama kati ya nyuzi 20 na 45 huweza kuzaliana bakteria aitwaye Lejionela, ambaye alitambuliwa baada ya watu kuugua homa kali ya mapafu mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Mtu huambukizwa hasa kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo mno ya maji hayo, kama yale yanayorushwa na bomba la mvua bafuni. Kwenye nyuzi 60 bakteria huyo hufa kwa muda wa dakika kadhaa. Kwa sababu hiyo sikubali kuishusha hita yenye tangi chini ya nyuzi 60, hata mwenye nyumba akisisitiza.

Desturi ya kuwasha hita kwa dakika 20 kisha kuizima, ambayo wengi huiona kuwa uangalifu, inanitia wasiwasi zaidi. Kwa dakika hizo, lita 50 hupanda kwa nyuzi tisa hivi, yaani kutoka 28 hadi 37, ambapo ndipo hasa bakteria huyo hustawi. Ni afadhali kuiwasha saa moja na robo kabla ya kuoga na kuiacha ikate yenyewe, na kama watumiaji ni wachache, ifanyiwe hivyo angalau mara moja kwa wiki.

Jamaa zetu walioko Uingereza wana jambo tofauti kidogo. Boila zao za gesi za kisasa hupasha pia vyumba kwa maji yanayozunguka ndani ya rejeta, yaani vyuma vya kupashia vyumba, na hutumia gesi vizuri zaidi pale maji yanayorudi kwenye boila yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi, kwa kuwa hapo mvuke uliomo katika moshi hugeuka maji na kuachia joto lake. Kwa hiyo wanaweza kushusha joto la maji ya rejeta kutoka 80 hadi 60 au chini yake, maana maji hayo yamefungiwa na hayaogwi. Ila kama nyumba ina tangi la maji ya moto, tangi hilo libaki kwenye nyuzi 60.

Kwetu kuna tatizo la chokaa. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyetu yameyeyusha chokaa hiyo. Maji yakipashwa, chokaa hujitenga na kuganda juu ya elementi kama ukoko wa wali, na kadiri joto linavyozidi ndivyo ukoko unavyoongezeka. Nyumba inayotumia maji ya kisima haina budi kufungua hita na kuisafisha mara kwa mara, pamoja na kukagua fimbo ya magnesi inayolikinga tangi na kutu.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi fupi. Zima swichi ya hita na ile ya kwenye boksi la umeme, hakikisha kwa tesa kwamba hakuna umeme, kisha zungusha themostati kwa bisibisi. Rudisha kifuniko, washa, subiri hita ikate, halafu pima maji ya bomba lililo karibu kwa kipimajoto, kwani alama za themostati hazilingani daima na maji yenyewe. Maji ya nyuzi 60 humchoma mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo penye watoto au wazee ninafunga valvu ya kuchanganya maji kabla hayajafika bombani. Valvu ya usalama ikidondosha maji kidogo hita inapowaka, usiizibe: lita 50 zikipashwa hadi nyuzi 60 hutanuka kwa zaidi ya nusu lita, na ziada hiyo lazima ipate pa kutokea. Na kile kitufe chekundu cha themostati, kinachokata umeme maji yanapopata moto kupita kiasi, kikiruka, kirudishe mara moja tu. Kikiruka tena, acha hita ikiwa imezimwa hadi fundi aipime themostati.