Gari linachemsha? Niambie kwanza linachemshia wapi

Mtu akileta gari la zamani gereji kwangu Mwanakwerekwe, hapa Unguja, akanambia, "Fundi, linachemsha," boneti siigusi kwanza. Namuuliza: linachemshia wapi? Kwenye foleni ya Darajani, au ukishaipita Mahonda uko mbioni kwenda Nungwi?

Kwenye foleni upepo hakuna, rejeta, inayopoza maji ya injini, inategemea feni tu. Mshale wa joto ukipanda Darajani ukashuka ukifika Bububu, naanza na feni: fyuzi, rilei, swichi ya joto, mota. Likichemsha mbioni, na upepo wote ule, basi maji hayazunguki vizuri. Ama rejeta imeziba, ama thamostati, vali inayofungulia maji njia yakipata moto, haifunguki, ama pampu ya maji imechoka.

Kuziba ndiyo maradhi yetu hasa. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa tele. Ule utandu mweupe ndani ya birika lako la chai ndio huohuo unaoganda kwenye vijia vya rejeta. Na kisima cha karibu na pwani kina chumvi, inayokula chuma. Ndiyo maana nawasihi watu watie kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chokaa. Hunambia ghali. Haya.

Mfuniko wa rejeta nao watu hawauhesabu. Ukiandikwa 0.9, unashikilia presha ambayo hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 118, badala ya 100. Mpira wake ukikatika, maji yanatokota mapema na kumwagika. Ni kitu rahisi, nabadilisha kabla ya kingine chochote. Ila usiufungue injini ikiwa moto. Nina kovu la mkononi kwa haraka hiyo.

Kwenye thamostati mimi na mafundi wenzangu hatupatani. Wao wanaitoa na kuitupa. Lakini injini nyingi za Toyota zina njia ya mkato ya maji ambayo thamostati huiziba ikishafunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi injini bila kupita kwenye rejeta, na joto linaweza kuzidi. Kuipima, itie kwenye sufuria ya maji jikoni: nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na maji yakitokota lazima iwe wazi. Isipofunguka, nunua nyingine.

Mzee mmoja aliniletea Corolla akiwa keshanunua rejeta mbili. Asubuhi, injini baridi, nikafungua mfuniko nikawasha. Mapovu yakaanza kutoka, hayakatiki. Nikafunga, na baada ya muda mfupi tu hozi ya juu ikawa ngumu kama mti, hata haijapata moto. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, kizibo cha kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua; moshi wa injini unaingia kwenye maji. Rejeta zake zote mbili zilikuwa nzima. Moja mpaka leo ipo hapa, imeegemea ukuta.