Je, wajua kwa nini albamu ileile ya Broadway hutolewa tena na tena, na kila mara husikika tofauti?

Tafuta leo albamu ya mchezo wa muziki wa Oklahoma! iliyoimbwa na waigizaji wake wa kwanza, ile iliyorekodiwa New York mwaka 1943, na utaletewa matoleo kadhaa. Majina ya waimbaji ni yaleyale. Lakini toleo moja lina wimbo wa "Lonely Room" na jingine halina. Katika moja waimbaji wanasikika kana kwamba wako nyuma ya pazia zito, katika jingine unasikia hadi pumzi inayovutwa kabla ya ubeti kuanza. Waimbaji hao waliingia studio zaidi ya miaka 80 iliyopita na hawakurudi kuimba upya. Tofauti hii inatoka wapi?

Inatoka kwenye vyombo vilivyobeba sauti hiyo njiani. Rekodi ya zamani imenakiliwa mara nyingi: kutoka sahani ya studio kwenda kwenye bamba la chuma la kuchapia, kutoka hapo kwenda kwenye santuri, kisha kwenye kanda, kisha kwenye santuri ya aina nyingine, kisha kwenye CD. Kila hatua hupunguza kitu. Ni kama kuchota maji ya mto: kadiri unavyopanda kuelekea chemchemi ndivyo yanavyokuwa safi. Anayetoa albamu upya huamua kwanza apande hadi wapi, na mara nyingi uamuzi huo unategemea kama anajua chemchemi iko wapi na kama ana ruhusa ya kuifikia.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa kueleza kwa nini watu wanajisumbua hivi. Michezo ya muziki iliyowekwa katika kumbi za Broadway, mjini New York, miaka ya 1940 na 1950 haikupigwa filamu jukwaani ikiwa kamili. Filamu za Hollywood zilizokuja baadaye mara nyingi ziliwaacha nje waliozifanya nyimbo hizo kuwa maarufu. Mary Martin aliyeimba South Pacific jukwaani mwaka 1949 hayumo katika filamu ya 1958. Ethel Merman wa Gypsy hayumo katika filamu ya 1962. Nafasi ya Julie Andrews katika My Fair Lady ilichukuliwa na Audrey Hepburn, tena sehemu kubwa ya nyimbo ikaimbwa na Marni Nixon ambaye haonekani kabisa. Kwa hiyo albamu ya waigizaji wa kwanza ndiyo ushahidi mkubwa tulio nao wa jinsi usiku ule ulivyosikika. Ikiharibika, hakuna pengine pa kwenda.

Turudi kwa Oklahoma!, maana kisa chake kinaeleza karibu kila kitu. Mchezo huu wa Richard Rodgers na Oscar Hammerstein ulifunguliwa katika ukumbi wa St. James tarehe 31 Machi 1943 na ukapendwa mara moja, lakini haukuweza kurekodiwa. Chama cha wanamuziki, chini ya James Petrillo, kilikuwa kimewakataza wanachama wake kurekodi tangu tarehe 1 Agosti 1942. Kilidai kampuni za santuri ziwafidie wanamuziki, kwa kuwa santuri zenyewe ndizo zilizokuwa zikiwanyang'anya kazi redioni na mabaa. Kampuni ya santuri ya Decca ilikubaliana na chama Septemba 1943. Mwezi uliofuata, Jack Kapp wa Decca aliwaita studio Alfred Drake, Joan Roberts, Celeste Holm na wenzao, pamoja na okestra na kwaya ya ukumbini. Haikuwa mara ya kwanza nyimbo za jukwaani kurekodiwa, ila mafanikio yake ndiyo yaliyoifanya kila kampuni itake albamu ya waigizaji.

Wakati huo santuri zilikuwa zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zenye nafasi ya kama dakika tatu kila upande. Ndiyo aina iliyobeba sauti ya Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, na kipimo kilikuwa kilekile kwa wote: wimbo usioingia katika dakika tatu unakatwa. Oklahoma! ilitoka ikiwa na sahani sita, pande 12. Nyimbo tatu zilizobaki zikatolewa katika seti ya pili mwaka 1945, mojawapo ikiwa "Lonely Room". Jukwaani wimbo huo uliimbwa na Howard da Silva, aliyeigiza Jud, mtu mpweke mwenye chuki. Kwenye santuri uliimbwa na Alfred Drake, ambaye mchezoni alikuwa Curly, mpinzani wa huyo Jud. Hakuna toleo jipya, hata liwe zuri vipi, linaloweza kutupa sauti ya da Silva katika rekodi ile, kwa sababu haikuwekwa humo.

Mwaka 1949 Decca iliihamishia Oklahoma! kwenye santuri ndefu, yaani LP, lakini ikachukua seti ya kwanza peke yake. Nyimbo tatu za seti ya pili zikaachwa, na matoleo ya LP yaliyofuata yakarithi pengo hilo. Waliokuwa na zile sahani za 1945 walizitunza kama dhahabu. Ilichukua hadi mwaka 2000 ndipo Decca ikaziunganisha seti zote mbili kwenye CD moja, na safari hii mafundi walirudi hadi sahani za studio zenyewe. Zilikuwa za kioo kilichopakwa laka. Kwa kawaida sahani za namna hiyo zilitengenezwa kwa alumini, lakini wakati wa vita alumini ilihitajika kujenga ndege, studio zikatumia kioo. Kioo huvunjika ovyo, na kwamba sahani hizo zilidumu zaidi ya nusu karne ni jambo la kushukuru.

Kampuni ya Columbia ndiyo iliyoileta LP sokoni, Juni 1948. Ghafla upande mmoja ulibeba dakika zaidi ya 20, na Goddard Lieberson, mtayarishaji wa Columbia, akaona kwamba mchezo wa Broadway ungeweza kusikilizwa kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. South Pacific, akiwemo Mary Martin na mwimbaji wa opera Ezio Pinza, ilirekodiwa tarehe 18 Aprili 1949 na ikakaa namba moja katika orodha ya jarida la muziki la Billboard kwa wiki 69. Santuri zote zilizouzwa zilitokana na sahani za laka. Kumbe siku ileile kanda ya sumaku nayo ilikuwa ikizunguka. Kanda ilikuwa bado ngeni studio, na hiyo ikawekwa kando bila kutumika. Baada ya Sony kuinunua Columbia mwaka 1988, kanda ile ndiyo iliyotumika kutengeneza CD. Kwa hiyo wasikilizaji walisikia toleo lisilo na mikwaruzo ya sahani takriban miaka 40 baada ya tukio. Unapoona albamu ya zamani ikisifiwa kuwa "imesafishwa", mara nyingine hakuna kilichosafishwa: limepatikana tu chimbuko bora.

Studio ya Columbia katika mtaa wa 30, Manhattan, ilikuwa zamani kanisa la Waarmenia. Dari lake refu liliipa okestra mwangwi ambao wahandisi bado wanausifu, na humo ndimo zilimorekodiwa My Fair Lady, West Side Story na Gypsy. Kazi ilifanyika kwa kasi ya ajabu. Kanuni za chama cha waigizaji zilitaka kila mwigizaji alipwe mshahara wa wiki nzima kwa kila siku ya kurekodi, hivyo kampuni zilijitahidi kumaliza kwa siku moja, na siku yenyewe mara nyingi ilikuwa Jumapili, kumbi zikiwa zimefungwa. West Side Story ilifunguliwa Alhamisi, tarehe 26 Septemba 1957, na Jumapili ya tarehe 29 waigizaji wakawa mbele ya mikrofoni. Sauti zao zilikuwa na uchovu wa wiki ya ufunguzi, na pia moto wake. Napenda sana jambo hilo katika rekodi hizi, na ndiyo maana huwa nasikitika fundi anaposafisha kupita kiasi. Kuondoa mvumo wa kanda ni rahisi kwa kompyuta, ila ukiuondoa wote unaondoka na mwangwi wa chumba, na mwimbaji anabaki kama amesimama ndani ya kabati.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 studio kubwa zilikuwa zikirekodi kwenye kanda zenye njia tatu za sauti: kushoto, katikati na kulia. Njia hizo zikihifadhiwa, mtayarishaji wa leo anaweza kupanga upya uwiano, akamsogeza mwimbaji mbele au kuifungua okestra zaidi. Akiwa na kanda ya mwisho tu iliyokwisha kuchanganywa, hana nafasi hiyo. Wakati mwingine kurudi kwenye kanda za studio hufichua kosa. Mfano maarufu si wa Broadway, ni wa jazi, lakini ulitokea katika kanisa hilohilo: upande wa kwanza wa Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959, ulikuwa ukisikika kwa kasi kidogo kuliko ulivyopigwa kwa sababu mashine ya kurekodia ilizunguka polepole. Kosa liliishi hadi 1992, toleo jipya lilipotumia kanda ya akiba iliyorekodiwa na mashine nyingine.

Si kila toleo jipya lilikuwa hatua ya mbele. Miaka ya 1960, stereo, yaani sauti yenye njia mbili, ya kushoto na ya kulia, ilipokuwa ikitafutwa na kila mnunuzi, kampuni zilichukua rekodi za mono, zenye njia moja tu, na kuzigeuza stereo ya bandia: besi zikapelekwa upande mmoja, sauti nyembamba upande mwingine, mara nyingine zikiongezwa mwangwi. Albamu nyingi za Broadway za miaka ya 1940 na mapema ya 1950 ziliuzwa hivyo kwa miaka mingi. Ukiwa na santuri ya namna hiyo nyumbani, usiilaumu okestra.

Mikataba nayo imeacha alama. Mwaka 1950 kampuni ya RCA Victor iligharimia mchezo wa Call Me Madam ikitarajia kuuza albamu yake. Nyota wake, Ethel Merman, alikuwa amefungwa na mkataba wa Decca. RCA ikawarekodi waigizaji wengine wote na kumweka Dinah Shore mahali pa Merman, huku Decca ikimrekodi Merman bila wenzake wa jukwaani. Anayetaka mchezo kamili kama ulivyosikika ukumbini hawezi kuupata, hata akinunua matoleo yote mawili. Follies ya mwaka 1971 ilipata bahati afadhali kidogo: Capitol iliibana katika LP moja na kukatakata nyimbo, ila "One More Kiss" ulikuwa umerekodiwa na kuachwa, hivyo ukaweza kurudishwa katika CD.

Sheria ndiyo inayoeleza kwa nini matoleo mengi yanatoka Ulaya. Huko rekodi zililindwa kwa miaka 50, na ulinzi ulipoongezwa kuwa miaka 70 mwaka 2013, zile zilizokuwa zimekwisha kuwa huru hazikurudishwa chini ya ulinzi. Kampuni za Ulaya zikawa huru kutoa albamu za Oklahoma! au Carousel bila kuwaomba wenye rekodi. Hazikuwa na kanda wala sahani za studio, kwa hivyo zilinakili santuri za kale zilizotunzwa na wakusanyaji. Nyingine ni kazi ya mapenzi na usikivu mkubwa, nyingine ni za haraka haraka. Marekani mambo ni tofauti. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York iliamua mwaka 2005, katika kesi ya Capitol dhidi ya kampuni ya Naxos, kwamba rekodi za kale zinaendelea kulindwa hapo hata kama ulinzi umekwisha nchi nyingine. Kisha sheria ya mwaka 2018 ikaweka tarehe: rekodi ya 1943 itakuwa huru Januari 2044, ya 1949 Januari 2060, na zile za kuanzia 1957 hadi mapema 1972 zitasubiri hadi Februari 2067. Hapo tunazungumzia rekodi. Nyimbo zenyewe, maneno na muziki, zina haki zake nyingine.

Kwa anayetaka kuanza kusikiliza, angalia kwanza mwaka na mji wa kurekodi, si mwaka wa kutolewa. My Fair Lady ni mtihani mzuri. Kuna albamu mbili zenye Rex Harrison, Julie Andrews na Stanley Holloway, na huchanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ilirekodiwa New York tarehe 25 Machi 1956, siku 10 baada ya ufunguzi, kwa mono. Ya pili ilirekodiwa London mwaka 1959 ili ipatikane kwa stereo. Ya London ina nafasi pana na okestra inameremeta. Mimi huchagua ya New York. Andrews alikuwa na umri wa miaka 20, Harrison bado anayasema maneno ya nyimbo zake kana kwamba yamemjia sasa hivi, na wote wawili hawajaizoea bado kazi ambayo wangeirudia mamia ya usiku.