Ofa kukubaliwa Uingereza bado si kununua nyumba

Kuna ujumbe unaozunguka miaka nenda rudi kwenye magrupu ya familia hapa Kigoma: ndugu aliyeko Uingereza akishakubaliwa ofa ya nyumba, na benki ikampa barua ya awali ya mkopo, nyumba ni yake, hivyo tuchange haraka. Si kweli.

England na Wales, ofa iliyokubaliwa haimfungi mtu. Mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa kupitia wanasheria, muuzaji anaweza kumgeukia mwenye dau kubwa zaidi, na mnunuzi naye anaweza kujitoa. Siku ya kubadilishana mikataba ndipo amana (malipo ya awali) hulipwa, mara nyingi asilimia 10 ya bei. Scotland ina utaratibu wake: wanasheria huandikiana barua, na makubaliano yakikamilika pande zote zimefungwa. Barua ya awali ya benki nayo si ahadi. Kipato bado kitakaguliwa na nyumba itathaminiwa.

Mkanganyiko huu unaeleweka. Ujiji mkipatana bei, karatasi huandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, fedha zinahesabiwa mezani, biashara imeisha. (Hati, hata huku, ni habari nyingine.)

Kabla ya kuchanga, muulize ndugu: "Mmeshabadilishana mikataba?" Akisema ndiyo, akuonyeshe barua ya mwanasheria wake. Usajili ukikamilika, jina la mmiliki husomeka kwenye daftari la ardhi la serikali, na yeyote anaweza kulitazama mtandaoni kwa ada ndogo. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.